Kalamu Inayotoa Leseni: Nauli za Ndege, Mgongano wa Maslahi na Kazi za Stephen Breyer

Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyaweka mashirika yote ya ndege yenye cheti cha Tanzania kwenye orodha ya wasioruhusiwa kuruka katika anga lake. Maswali yaliyofuata yalichanganyika kama mchele na chuya. Kwani kuna ndege imeanguka? Mbona mamlaka ya anga ya Tanzania haishushi nauli? Na kwa nini aguswe hata mwenye kindege cha kupeleka watalii Serengeti? Ukweli ni kwamba uamuzi ule haukumlenga rubani yeyote. Ulilenga namna mamlaka ya nchi inavyosimamia usalama wa mashirika yote, ndiyo maana ukawakumba wote kwa pamoja. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Kenya: Rais alitia saini Sheria ya Mgongano wa Maslahi, na watu wakauliza kuna haja gani ya sheria nyingine wakati ya rushwa ipo.

Mada hizi mbili, udhibiti wa usafiri wa anga na maadili ya watumishi wa umma, huonekana kama hazijuani. Kumbe ni ndugu wa tumbo moja. Undugu huo unaonekana vizuri ukifuatilia kazi za mwanasheria mmoja wa Marekani, Stephen Breyer. Wengi wanamfahamu kama jaji wa Mahakama ya Juu ya nchi ile, alikokaa kuanzia 1994 hadi alipostaafu Juni 30, 2022. Kazi yake ya mwaka 1974 na 1975, kabla hajavaa joho, ndiyo iliyochangia kubadilisha jinsi tiketi ya ndege inavyopangwa bei, kwanza Marekani na baadaye katika nchi nyingi nyingine.

Tuanze na neno udhibiti, maana ndilo linalobeba mzigo wote. Chukua basi la mkoani Tanzania. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ndiyo inayosema basi lipite njia gani na nauli isizidi shilingi ngapi. Trafiki naye ndiye anayeinama na tochi kukagua breki na matairi. Wa kwanza ameingiza mkono kwenye biashara ya mwenye basi, wa pili anaangalia roho za abiria. Kwa ndege ni vivyo hivyo. Udhibiti wa kiuchumi huamua nani aruhusiwe kufanya biashara, aende wapi na atoze kiasi gani. Udhibiti wa usalama huangalia kama ndege inafaa kuruka, rubani ana sifa, na fundi aliyeweka saini kwenye kitabu cha matengenezo kweli aliigusa hiyo boliti. Katika nchi nyingi, zikiwemo zetu, kazi zote mbili zimewekwa chini ya paa moja, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa.

Neno la pili ni mgongano wa maslahi. Fikiria refa ambaye mwanawe anachezea Simba, naye amepangiwa kuchezesha mechi ya Simba na Yanga. Hajala hela ya mtu, na huenda akachezesha kwa haki kabisa. Lakini akipuliza penalti dakika ya 90, nani atamwamini? Mgongano wa maslahi ni hiyo hali ya kusimama mahali ambapo wajibu wako na faida yako, au ya mtu wako wa karibu, vinavutana. Rushwa inakuja baadaye, filimbi ikishauzwa. Tofauti hii ni kubwa kisheria. Ili kumfunga mtu kwa rushwa lazima uthibitishe makubaliano ya nipe nikupe, na wahusika huwa hawayaandiki. Sheria ya mgongano wa maslahi haisubiri makubaliano. Inamwambia refa ampishe mwenzake kabla mpira haujaanza, bila kumwita mwizi.

Bodi iliyokaa kimya

Breyer alizaliwa San Francisco Agosti 1938. Miezi miwili kabla, Juni mwaka huo huo, Marekani ilikuwa imepitisha sheria iliyozaa chombo kilichokuja kujulikana kama Bodi ya Usafiri wa Anga, kwa kifupi CAB. Usalama wa ndege ulikabidhiwa baadaye kwa chombo kingine, FAA, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1958 baada ya ndege mbili za abiria kugongana juu ya Grand Canyon Juni 30, 1956 na kuua watu 128. CAB ikabaki na biashara: nani aruke, kutoka wapi kwenda wapi, kwa nauli gani.

Sababu ya kuanzishwa kwake haikuwa mbaya. Usafiri wa anga ulikuwa mchanga, mashirika yalikuwa yanalana nyama kwa bei, na serikali ilihofia yote yangekufa. Tatizo lilikuja pale mtoto alipokua na mlezi akakataa kumwachia mkono. Kati ya 1950 na 1974 CAB ilipokea maombi 79 ya kampuni zilizotaka kuingia kwenye safari za ratiba za ndani ya nchi. Haikukubali hata moja.

Ukiyaangalia maombi hayo kwa karibu, unakuta nadra sana mtu kuambiwa hapana usoni. Utaratibu ulikuwa hivi: kampuni inapeleka ombi, bodi inalipangia tarehe ya kusikilizwa mbele ya jaji wa bodi, mashirika yaliyopo yanaruhusiwa kuingia kama wahusika na mawakili wao kupinga, kisha bodi inaamua. Hatua ya pili ndiyo iliyokuwa mlango wenyewe. Bila tarehe hakuna usikilizwaji, bila usikilizwaji hakuna uamuzi, na bila uamuzi hakuna cha kukatia rufaa. Kampuni ya World Airways iliomba mwaka 1967 iruhusiwe kuruka kati ya pwani ya mashariki na California kwa dola 75. Ombi halikupangiwa tarehe. Baada ya zaidi ya miaka sita bodi ikalifuta kwa maelezo kwamba taarifa zake zimepitwa na wakati. Shirika la Continental, ambalo tayari lilikuwa ndani ya soko, lilisubiri miaka minane kupata ruhusa ya safari ya San Diego na Denver, na hata hiyo ilitoka baada ya mahakama kuingilia. Yeyote aliyewahi kufuatilia hati ya kiwanja na kuambiwa njoo kesho anaujua mlango huu.

Nauli nayo ilikuwa na kanuni yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 bodi iliweka kwamba nauli ihesabiwe ili shirika lipate faida ya asilimia 12 ya mtaji wake, kwa kuchukulia kwamba ndege inajaa kwa asilimia 55. Tafsiri yake kwa abiria ni hii: kwenye ndege ya viti 100, watu 55 wanalipia gharama ya viti vyote, vikiwemo 45 vitupu. Na kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kushindana kwa bei, mashirika yalishindana kwa kila kitu kingine. Yaliongeza safari ili yawe na ndege inayoondoka kila saa, yakapanua nafasi ya miguu, yakaongeza vyakula. American Airlines ilifikia kuweka kinanda ndani ya Boeing 747 ili abiria waimbe angani. Kila safari iliyoongezwa ilizifanya ndege ziwe tupu zaidi, gharama zikapanda, na mashirika yakarudi kwa bodi kuomba nauli ipandishwe. Mzunguko huo ulikuwa halali kabisa, na aliyeulipia ni abiria.

Dola 55,000 na likizo ya gofu

Sasa tuje kwenye undugu niliousema. Popote penye kalamu inayoamua nani ale na nani alale njaa, watu watamzunguka mwenye kalamu. Jambo hilo halihitaji watu wabaya, linahitaji kalamu yenye uhuru mkubwa tu.

Julai 1973, katikati ya kashfa ya Watergate, ile iliyokuja kumwondoa Rais Nixon madarakani, American Airlines ilijitokeza yenyewe na kukiri kwamba ilitoa dola 55,000 za kampuni kwenye kampeni ya Rais Nixon ya 1972, jambo lililokatazwa na sheria. Njia iliyopitia pesa hiyo inafaa kutazamwa hatua kwa hatua. Katika vitabu vya kampuni iliandikwa kama kamisheni kwa wakala wa Lebanon. Ikatumwa kwenye akaunti Uswisi, ikarudi benki ya New York, ikatolewa taslimu, ikakabidhiwa. Aliyeomba mchango alikuwa Herbert Kalmbach, wakili binafsi wa Nixon, ambaye pia alikuwa wakili wa United Airlines, mshindani mkubwa wa American. Wakati huo American ilikuwa na ombi mbele ya CAB la kuungana na Western Airlines. Ombi lile lilikataliwa, kwa hiyo huwezi kusema pesa ilinunua uamuzi. Mkuu wa shirika aliyepigiwa simu hakuwa na haja ya kuahidiwa kitu. Ilitosha kuogopa kitakachotokea asipotoa, huku akijua aliyempigia anamtetea pia mshindani wake. American ikatozwa faini ya dola 5,000. Braniff nayo ikakiri dola 40,000 na kutozwa faini kama hiyo.

Mwaka 1974 ikajulikana kwamba mwenyekiti wa CAB mwenyewe, Robert Timm, alikwenda likizo ya gofu Bermuda akiwa na wakubwa wa mashirika ya ndege, mwenyeji akiwa kampuni inayotengeneza injini za ndege. Uenyekiti wake haukudumu. Hakuna aliyeonyesha kwamba alibadilisha faili hata moja kwa ajili ya safari hiyo. Lakini jiweke kwenye nafasi ya World Airways, miaka sita unasubiri tarehe, halafu unasoma gazetini mwenye kalamu anacheza gofu na washindani wako.

Mwanasheria alifanya nini hasa?

Breyer alisoma sheria Harvard, akamaliza 1964, akawa msaidizi wa Jaji Arthur Goldberg kwenye Mahakama ya Juu, kisha akafanya kazi idara ya serikali inayopambana na ukiritimba wa kibiashara, halafu akarudi Harvard kufundisha. Mwaka 1973 alifanya kazi kwa muda mfupi kama msaidizi wa Archibald Cox, mwendesha mashtaka maalumu wa Watergate. Mwaka uliofuata Seneta Edward Kennedy akamchukua kuwa mshauri wa kamati yake ndogo ya Seneti.

Watu wengi wakisikia mwanasheria wa anga wanawaza fidia za ajali. Hiyo ni kona moja tu. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kusoma maamuzi ya mdhibiti, kuuliza yalifanywa kwa utaratibu gani, na kuyapima na takwimu. Breyer alikuwa na kikwazo tangu siku ya kwanza: masuala ya ndege yalikuwa ya kamati nyingine, ambayo kamati yake ndogo ya anga iliongozwa na Seneta Howard Cannon wa Nevada. Kamati ya Kennedy ilihusika na taratibu za taasisi za serikali. Basi akauingia mjadala kwa mlango wa utaratibu. Hakuuliza kwanza kama nauli ni kubwa. Aliuliza kwa nini maombi hayapangiwi tarehe, nani alikutana na nani kabla ya uamuzi, na bodi inatumia muda wake kufuatilia nini. Kwa swali la utaratibu alikuwa nyumbani kwake, na majibu yake yakamfikisha kwenye nauli bila kuvuka uzio wa mtu. Hapa naona ufundi wa hali ya juu, kwa sababu malalamiko ya bei hujibiwa kwa hesabu zisizoisha, lakini ukimya wa miaka sita hauna hesabu ya kuutetea.

Kisha alikuwa na California. Sheria ya shirikisho iligusa safari zinazovuka mpaka wa jimbo tu, na jimbo hilo ni kubwa kiasi kwamba San Francisco na Los Angeles zimetengana maili zipatazo 340. Pacific Southwest Airlines iliruka kati yao bila kuiomba CAB kitu. Nauli yake ilikuwa takribani dola 19. Chicago hadi Minneapolis, umbali ule ule, chini ya CAB, ilikuwa takribani dola 39. Texas nako Southwest, iliyoanza kuruka 1971 ndani ya jimbo, ilionyesha picha kama hiyo.

Mashirika makubwa yalikuwa na majibu. Yalisema California hali ya hewa ni nzuri, abiria ni wengi, na kwamba nauli za njia kubwa ndizo zinazobeba hasara za njia za vijijini. Kazi ya miezi ya maandalizi ilikuwa kuchukua kila jibu na kulipima peke yake kabla ya vikao vya Februari na Machi 1975. Theluji inaongeza gharama kiasi gani kwa kila abiria? Ni njia zipi hasa za vijijini zinazobebwa, na kwa dola ngapi? Zilipochambuliwa, sehemu kubwa ya tofauti ya nauli ilibaki kwenye mambo mawili: ndege za California zilikuwa na viti vingi zaidi, na viti hivyo vilijaa zaidi. Kinanda hakikuwepo.

Kulikuwa na kazi ya kupanga mashahidi pia. Maofisa wa wizara ya usafiri na wa sheria, wote serikalini, walisimama upande wa mabadiliko, na bodi na mashirika yakapewa nafasi ya kujibu hadharani. Inasimuliwa kwamba mkazi mmoja wa Boston alimuuliza Kennedy anahangaika na ndege za nini, wakati yeye hajawahi kumudu kupanda, na Kennedy akamjibu kwamba ndiyo maana.

Wiki ya Oktoba 1978

Mabadiliko hayakuja siku moja. John Robson, mwanasheria, alichukua uenyekiti wa CAB 1975, na mwanauchumi Alfred Kahn akamfuata 1977 na kuanza kufungua milango kutoka ndani. Ndipo ikaja wiki ambayo, kwa maoni yangu, inafaa kukumbukwa kuliko inavyokumbukwa. Oktoba 24, 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kuondoa udhibiti wa kiuchumi wa mashirika ya ndege. Siku mbili baadaye, Oktoba 26, alitia saini Sheria ya Maadili ya Serikali, iliyowalazimisha viongozi wa juu kutangaza mali zao na kuanzisha ofisi ya kusimamia maadili, ambayo mwaka 1989 ilipewa uhuru wake kamili.

Ziangalie kwa pamoja. Ya kwanza iliipunguza kalamu: mamlaka ya bodi juu ya njia yalikoma mwisho wa 1981, juu ya nauli mwanzoni mwa 1983, na bodi yenyewe ikafungwa mwisho wa 1984. Ya pili ilimulika taa kwa wale waliobaki na kalamu.

Kuna dhana mbili potofu hapa. Wapo wanaosema Marekani iliondoa udhibiti wa ndege. Haikuondoa. FAA ilibaki na kila karatasi yake, kila mkaguzi na kila cheti. Kilichoondoka ni ile kazi ya LATRA, tochi ya trafiki ilibaki. Wapo pia wanaosema mabadiliko yale yalikuwa neema tupu. Hapana. Braniff, iliyokimbilia njia mpya nyingi kupita uwezo wake, ilifilisika Mei 1982. Eastern na Pan Am zilikufa 1991. Miji midogo ingepoteza ndege kabisa kama sheria isingeweka ruzuku maalumu, ambayo ipo hadi leo. Na baada ya miungano mingi, sehemu kubwa ya soko imekusanyika tena kwa mashirika manne. Kufungua mlango ni kazi moja, kuhakikisha aliyeingia kwanza haufungi tena ni kazi nyingine, na hiyo ya pili haikufanywa vizuri.

Tangaza, jitoe, uza, subiri

Sheria za maadili zimejaa vifungu, lakini ukizichuja unabaki na vitenzi hivyo vinne. Kutangaza ndiko kunakojulikana zaidi. Marekani kiongozi wa juu hujaza fomu ndani ya siku 30 tangu aingie, kila mwaka kufikia Mei 15, na tena akiondoka. Akinunua au kuuza hisa katikati ya mwaka, anatoa taarifa ndani ya siku 45 zisizidi. Tanzania, chini ya Sheria Na. 13 ya 1995, kiongozi wa umma hupeleka tamko la rasilimali na madeni kwa Sekretarieti ya Maadili kila mwaka kufikia Desemba 31.

Watu wengi, hata baadhi ya viongozi, hudhani ukishatangaza umemaliza. Tamko ni kama kipimo cha malaria: kinakuambia kuna nini, hakitibu. Kazi ya mwanasheria wa maadili inaanza fomu ikishafika. Anaweka upande mmoja orodha ya hisa, mikopo na nafasi alizowahi kushika kiongozi, upande wa pili orodha ya mafaili yatakayopita mezani kwake, kisha anatafuta mistari inayokutana. Sheria ya jinai ya Marekani inamkataza mtumishi kushiriki kwenye jambo linalogusa mfuko wake, wa mwenzi wake au wa mtoto wake mdogo. Kwa hisa zinazouzwa sokoni kuna kiwango kinachovumiliwa, dola 15,000 katika kampuni zinazohusika na jambo husika. Zawadi nazo zina kipimo: dola 20 kwa mara moja, zisizidi 50 kwa mwaka kutoka kwa mtoaji mmoja, na fedha taslimu kamwe.

Kwa usafiri wa anga kamba imekazwa zaidi. Mfanyakazi wa FAA, mwenzi wake na watoto wake wadogo hawaruhusiwi kumiliki hisa za shirika la ndege, mtengenezaji wa ndege, au msambazaji wa vipuri vyao, hata hisa moja. Mfuko wa uwekezaji uliosambazwa kwenye kampuni nyingi unaruhusiwa. Sababu ni ya kivitendo. Mkaguzi hukutana na mashirika hayo kila siku. Kama angejitoa kila yanapoguswa, asingekuwa na kazi ya kufanya, kwa hiyo kitenzi kinachomfaa ni kuuza.

Kusubiri kulijifunzwa kwa njia ngumu. Mwaka 2008 ilibainika kwamba Southwest ilikuwa imerusha ndege 46 kwa safari karibu 60,000 bila kukagua nyufa kwenye mwili wa ndege kama ilivyoamriwa, na zilipokaguliwa, sita zilikutwa na nyufa. Shirika lilipogundua kosa, ndege ziliendelea kuruka kwa siku kadhaa huku msimamizi wa FAA akijua. Wakaguzi wawili waliojaribu kupaza sauti walibanwa na wakubwa wao. Aliyekuwa akishughulikia mawasiliano na FAA upande wa shirika alikuwa mkaguzi wa zamani wa ofisi hiyo hiyo. Hakuna bahasha iliyokamatwa, kulikuwa na ujamaa tu, wa watu waliozoeana. Southwest ilimalizana na serikali kwa dola milioni 7.5 mwaka 2009, na mwaka 2011 FAA ikatunga kanuni: mkaguzi akiondoka, miaka miwili asiliwakilishe mbele ya FAA shirika alilokuwa akilisimamia.

Kipimo kikamrudia mwenyewe

Breyer alipoteuliwa Mahakama ya Juu mwaka 1994, swali la maslahi lilimgeukia. Alikuwa mwanachama wa Lloyd's ya London, soko la bima ambapo watu binafsi waliweka mali yao kama dhamana ya hasara. Ni kama kuwa mdhamini wa mkopo wa SACCOS: mkopaji akikwama, wanabisha mlango wako. Baadhi ya bima zile zilihusu uchafuzi wa mazingira, naye kama jaji wa rufaa alikuwa ameamua kesi za uchafuzi. Lloyd's haikuwa mhusika kwenye kesi hizo, na wataalamu wa maadili waligawanyika kama alipaswa kujitoa. Aliahidi kuondoka kwenye uwekezaji huo mapema iwezekanavyo, na Seneti ikamthibitisha kwa kura 87 dhidi ya 9. Baadaye alikuwa akijitoa kwenye kesi zilizopitia kwa ndugu yake Charles, jaji wa shirikisho San Francisco.

Oktoba 2015 likatokea dogo zaidi, nalo linafundisha zaidi. Mahakama ilisikiliza kesi ya udhibiti wa umeme. Mwandishi wa habari akauliza kuhusu hisa 750 za Johnson Controls zilizokuwa kwa mke wa Breyer, kampuni yenye kampuni tanzu ndani ya kesi hiyo. Kesho yake hisa ziliuzwa, naye akabaki kwenye kesi. Sheria inaruhusu: jaji akigundua mgongano baada ya kazi kubwa kufanyika, anaweza kuuondoa kwa kuuza. Lakini ona ulipotokea upenyo. Orodha ya wahusika iliandika jina la kampuni tanzu, fomu ya mali iliandika jina la kampuni mama, na mistari miwili haikukutana mpaka mtu wa nje alipoitazama.

Katikati ya matukio hayo mawili, mwaka 2004, Jaji Mkuu William Rehnquist alimpa Breyer kuongoza kamati ya kuchunguza jinsi mahakama za shirikisho zinavyoshughulikia malalamiko dhidi ya majaji wao wenyewe. Ripoti ilitoka Septemba 2006. Kwa malalamiko ya kawaida, makosa yalikuwa machache, asilimia mbili hadi tatu. Kisha kamati ikachukua malalamiko 17 yaliyokuwa yamevuma hadharani, na kukuta matano hayakushughulikiwa ipasavyo. Chanzo kikubwa hakikuwa majaji kukataa kuadhibu wenzao. Mkuu wa mahakama alikuwa anayatupa malalamiko kabla hajafanya uchunguzi wa kutosha kujua kama kuna kitu ndani.